Dunia inajifunza kuishi bila kobalti yetu. Na sisi tunajifunza nini?

Ndugu zetu, dada zetu, raia wenzetu wa Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma na kila fasi munaposoma haya maneno ku telefone,

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Wengi wetu tumekwisha kuweka ile picha ku statu: karte ya Kongo, na chini yake maneno "Bila sisi, dunia inazimika." Tuliipenda. Inasimamisha kichwa siku ile mufuko uko mutupu na mwenye nyumba ako anagonga ku mulango. Wakubwa wetu nao wanaisema ku mikutano ya inje: Kongo ni inchi-suluhisho, dunia haiwezi kuacha mafuta bila sisi.

Leo tunasema wazi: yale maneno yalikuwa kweli nusu, na kila mwaka ile nusu inapunguka. Kama hatufahamu sasa, tutaamka siku moja na mashimo, maji machafu, na diploma zetu ndani ya kasheti ya plastiki, na hakuna mutu atakayetuita suluhisho.

Mununuzi naye ako na akili

Hesabu kwanza. Ku kila tani kumi za kobalti zinazochimbwa duniani, zaidi ya saba zinatoka kwetu. Mu 2024 tulitoa karibu tani 220,000. Indonesia, inchi ya pili, haikufikia hata robo yetu. Kisha sheria ya migodi ya 2018, serikali ilitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati, na redevansi yake ikapanda mpaka 10%. Tulipiga makofi. Tulifikiri: mwenye bidhaa ndiye mwenye neno.

Sasa musikilize upande wa pili wa historia. Mu 1980, ku Oxford, mwanakemia John Goodenough na wenzake walionyesha ya kama kobalti inaweza kutumika ndani ya batri ya litiamu. Mu 1991 Sony ikaanza kuuza ile batri. Ndiyo ikaingia ndani ya kamera, telefone, ordinateri, na nyuma motokari. Lakini yule yule Goodenough, miaka ya 1990, ku Texas, alitoa na kikundi chake muchanganyiko mwingine: litiamu, chuma na fosfati. Hakuna kobalti ndani. Hakuna nikeli ndani. Na chuma iko karibu kila fasi duniani. Mu 2019 alipata zawadi ya Nobel ya kemia pamoja na wenzake wawili. Mutu mumoja alifungua mulango ambao kobalti yetu iliingilia, na yeye yule akafungua mulango wa kuitolea.

Kwa muda murefu batri ya chuma haikupendwa. Ku kila kilo inabeba nguvu kidogo, na motokari haiendi mbali sana. Wakati wa baridi inalegea. Kampani kubwa za Korea na za Ulaya ziliiacha kando na kukaza ile ya nikeli na kobalti. Wachina waliishika. Waliitia ndani ya mabasi ya muji, fasi uzito hausumbui sana, na mwaka kwa mwaka wakairekebisha. Iko na faida zake: bei ndogo, inavumilia kuchajiwa mara nyingi, haishiki moto mbio. Mwezi wa tatu 2020, BYD ikatoa batri yake ya Blade: seli ndefu na nyembamba zinapangwa moja kwa moja ndani ya kasha, na nafasi iliyokuwa inapotea ikajazwa. Mwaka ule ule Tesla ikaanza kutia batri za chuma za CATL ndani ya Model 3 zinazotengenezwa ku Shanghai. Mu 2021 ikatangaza ya kama motokari zake za umbali wa kawaida zitaipokea duniani kote. Mu 2024, kufuatana na Shirika la Kimataifa la Nishati, karibu nusu ya soko yote ya batri za motokari ilikuwa ya chuma na fosfati. Mu China, ilikuwa karibu robo tatu.

Muone vile biashara inapinduliwa. Hakuna aliyekuja kupigana na kobalti. Kitu dhaifu, cha bei ndogo, kiliingilia ku mulango wa jikoni, kikakaa chini, kikakula, kikakomaa, na leo kimekaa ku kiti cha mwenye nyumba. Sisi wenyewe tumekwisha kuona hii sinema. Tunakumbuka Nokia ya baba, ile ya kuangukia ku simiti na kuamka muzima. Mu 2007 iPhone ikatoka. Mu 2014 Nokia ikauzia Microsoft kazi yake ya telefone. Ku soko zetu, Tecno na Itel ziliingia kwa bei ndogo na fasi ya sim mbili, na wakubwa wa zamani wakatafutana. Tunakumbuka tena labo za picha za filimu ku barabara kubwa, leo ni duka za chaja. Kodak haikukosa akili: ni injinia wake mwenyewe, Steve Sasson, aliyetengeneza kamera ya dijitali mu 1975. Ilikosa moyo wa kuacha kile kilichokuwa kinailisha. Mu 2012 ikaenda ku tribinali kuomba ulinzi wa mwenye kufilisika.

Tofauti ni moja tu. Kampani ikikufa, wenye hisa wanahamisha makuta yao ku ingine. Inchi haihami. Kolwezi itabaki fasi iko.

Wazee wetu waliona ya kwanza

Kwa wale wanaosema tunatisha watu bure, tuwakumbushe mwaka 1978.

Mwezi wa tano, vita iliingia Kolwezi. Watu wengi walikufa, na wazee wetu hawapendi kuisimulia. Migodi ikasimama. Wakati ule tayari inchi yetu, Zaire, ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa kobalti, na bei ikaruka mara kadhaa. Kobalti ya ile siku ilikuwa inatumika sana ndani ya sumaku, hata zile za mabafle ya muziki. Wenye kutengeneza mabafle hawakukaa kungojea Kolwezi ipone. Waligeukia sumaku ya ferite, yenye kutoka ndani ya oksidi ya chuma: nzito zaidi, lakini bei ndogo na haitegemei vita ya mutu. Wengi hawakurudi tena. Miaka michache nyuma, Sumitomo ya Japani na General Motors ya Marekani, kila mumoja ku upande wake, wakatoa sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, yenye nguvu kupita ile ya kobalti. Iko ndani ya visikilizio munavyotia ku masikio leo.

Fundisho ni hili: kila mara bei inapopanda kwa sababu ya kukosa, mununuzi anatuma mainjinia wake ku labo. Anatoka kule na resepi ingine. Na akishazoea ile resepi, harudi kwako hata ukishusha bei.

Na kota, je?

Watatuambia: serikali imekwisha kufanya kitu, iliweka kota. Ni kweli, na hatuko watu wa kuponda kila kitu. Tuseme vile ilivyo.

Kobalti ya kwetu inatoka pamoja na shaba. Kama bei ya shaba ni nzuri, mugodi hausimami hata kobalti ikiwa sawa na mucanga. Kampani moja tu, CMOC, yenye kushika Tenke Fungurume na Kisanfu, ilitoa zaidi ya tani 114,000 za kobalti mu 2024. Soko ikafurika. Bei iliyokuwa imefika karibu dola 80,000 kwa tani mu 2022 ikaanguka mpaka karibu dola 22,000 mwanzo wa 2025. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ikafunga kutosha kobalti inje. Tangu tarehe 16 Oktoba ikafungua kwa kota: tani 18,125 kwa miezi iliyobakia ya ule mwaka, na tani 96,600 kila mwaka kwa 2026 na 2027. Ndani ya hizo 96,600, tani 9,600 ziko mu mikono ya ARECOMS, mamlaka yenye kusimamia soko ya madini ya kimkakati. Mbele ya mwaka kuisha, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Inchi iko na haki ya kulinda bei ya mali yake. Hatuko upande wa wale wanaolia juu kobalti haiko tena ya bure. Lakini tufahamu kitu gani tulinunua. Kota haiko mali. Kota ni muda. Tulinunua miaka miwili, basi. Na ndani ya ile miaka miwili, kila mutengenezaji wa motokari ako anajiambia: kobalti imekuwa gali, tena inaweza kufungwa asubuhi moja kwa komunike. Atafanya ile walifanya mu 1978.

Muangalie CATL, kampani ya kwanza ya batri duniani. Tangu 2021 iko na robo ya kampani yenye kushika mugodi wa Kisanfu. Ni yeye tena mukubwa wa batri za chuma. Na mwaka ule ule wa 2021 ikaonyesha batri ya sodiamu, ile yenye haina kobalti wala litiamu. Kobalti ikipanda, inapata. Kobalti ikianguka, inapata. Zote mbili zikishindwa, iko na ya tatu. Hiyo ndiyo strateji. Strateji yetu ni nini? Kukaa juu ya shimo na kusema "watakuja tu."

Hatusemi kobalti itakufa kesho. Telefone na ordinateri bado zinaitafuta. Injini za ndege zinaitafuta. Motokari za kwenda mbali zinaitafuta. Tani zinaweza hata kuongezeka, juu motokari za umeme zinaongezeka. Lakini nguvu ya kupiga mukono ku meza inatoka ku kukosa njia ingine, na njia ingine iko, inauzwa, ina garanti.

Nani anayelipa kosa

Kampani ikikosea inabadilisha mukurugenzi. Sisi tukikosea, kwanza analipa kijana wa Kasulo aliyeshuka mita nyingi chini ya nyumba ya watu na kamba ku kiuno. Analipa mama mwenye kuosha mawe na mutoto ku mugongo. Analipa mwenye moto anayebeba mifuko mpaka ku depo za Musompo. Bei ikianguka ku London, ku depo inaanguka mara mbili. Bei ikipanda ku London, ku depo wanakuambia mashini ya kupima imesema mawe yako hayana kitu ndani.

Na tunalipa sisi. Kati yetu kuna waliosoma kemia, metalurji, umeme, ekonomi. Tulisoma batri ku ubao. Labo ya chuo chetu haikuwa na vitu vya kufanyia majaribio. Profesa alichora seli na chaki, sisi tukaichora ndani ya daftari, na ku mutihani tukaichora mara ya tatu. Tunajua kazi ya batri vile mutu wa bara anajua bahari: ku picha. Leo mumoja wetu anauza uniti chini ya parasoli. Mwingine anaendesha moto. Mwingine anaandika uzito wa mifuko ku depo, analipwa kwa siku, na anatia sahihi mbele ya mutu asiyejua hidroksidi ni nini. Hatuoni haya juu ya kazi yoyote ya jasho. Haya iko fasi ingine: inchi ya kwanza kwa kobalti haina kazi kwa mutu anayejua kobalti.

Na musiseme hawakuambiwa. Mu 2021, BloombergNEF ilihesabu ya kama kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za unga wa kuanzia batri kingeweza kujengwa Kongo kwa dola milioni 39, mara tatu chini ya Marekani. Mu 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja. Mwaka ule ule, ku Université de Lubumbashi, wakazindua kituo cha Afrika cha utafiti wa batri. Tuliona picha na hotuba. Kiwanda kiko wapi? Kobalti ingali inaondoka ndani ya mifuko, sawa vile hidroksidi, juu ya malori yanayopanga mustari ku Kasumbalesa.

Watajibu: umeme hakuna. Kweli kabisa. Kati ya Wakongo watano, karibu mumoja tu ndiye mwenye umeme, na migodi yenyewe inanunua umeme wa Zambia. Lakini nani alikuwa na kazi ya kuleta umeme? Sisi wenye kuuza uniti?

Tena kuna hatari ingine yenye hakuna mutu anaisema. Kile kiwanda cha 2021 kilihesabiwa kwa batri ya nikeli, manganezi na kobalti. Tukiamka leo na kukijenga vile vile bila kuangalia soko imeenda wapi, tutakuwa sawa na mutu aliyefungua labo ya picha za filimu mu 2010. Inchi yenye akili ingeangalia karte yake yote. Batri ya chuma haitaki kobalti, lakini inataka litiamu, na litiamu tuko nayo ku Manono. Kila motokari ya umeme inataka shaba, na shaba tuko nayo. Lakini Manono imekuwa miaka mingi kesi ya kampani na kampani mbele ya tribinali za inje, na wakati wao wanagombana, dunia haikusimama kuwangojea.

Indonesia ilifunga kutosha mawe ya nikeli mu 2020 na kulazimisha wanunuzi wajenge viwanda kule. Haiko paradizo: viwanda vingi ni vya Wachina, na vinaunguza makaa ya mawe. Lakini leo wanauza kitu kilichopikwa. Sisi tulifunga mulango mu 2025, tukaufungua, na kile kilichotoka ni mufuko ule ule.

Yale tunayodai

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo:

1. Kila miezi mitatu, serikali itangaze tani zilizotoka kwa kila kampani, bei, na redevansi iliyolipwa. Na kwa zile tani 9,600 za ARECOMS: nani alizipata, juu ya nini, kwa bei gani. Itangazwe kwa Kifaransa na kwa luga zetu ine: Kiswahili, Lingala, Ciluba, Kikongo.

2. Sheria inasema 10% ya redevansi inaenda ku mufuko wa madini kwa vizazi vijavyo, FOMIN. Vizazi vijavyo ni sisi, tumekwisha kufika. Tunataka kuona hesabu, na sehemu yake iende wazi wazi ku labo za vyuo na mafunzo ya batri, litiamu na kurudilia vyuma vya batri nzee.

3. Sheria inatoa 15% ya redevansi kwa sekta, komini na miji yenye migodi, na kulazimisha kampani kuweka 0.3% ya mauzo kwa kazi za maendeleo ya jamii. Kila komini ibandike ile hesabu ku mulango wake.

4. Mashini za kupima madini ku depo zikaguliwe na watu wasio na hisa ndani ya biashara, na muchimbaji apewe karatasi ya matokeo yake.

5. Mupango wa batri wa 2021 ufunguliwe upya, mbele ya watu, na swali moja ku meza: ni batri gani dunia itanunua mu 2030, na sisi tutauza kipande gani chake? Jibu lije na mupango wa umeme, si na riboni.

Na sisi tujidai wenyewe. Tutoshe ile picha ku statu. Kila selile ya kila muji, mwezi huu, iandike barua kwa bourgmestre ao kwa mukubwa wa sekta, iombe kuona hesabu ya ile 15%, na irudi na karatasi yenye muhuri. Bila jiwe, bila matusi, bila woga. Wakikataa, tutaandika ya kama walikataa, tarehe na saa, na tutarudi. Wale waliosoma kemia wawafundishe wale waliosoma sheria. Wale waliosoma sheria wawasomee wachimbaji kifungu chao. Hatuna labo, lakini tuko na vichwa, na telefone zenye tunasomea haya maneno zinatosha kwa kuanza.

Miaka miwili ni mifupi. Mutoto aliyezaliwa siku kota ilianza hatakuwa amefika hata ku shule ya maternelle wakati itakapoisha. Atakapokua, atatuuliza tulifanya nini na ule muda. Tusimujibu kwamba tulikuwa tunangojea dunia ije kutuomba.

Kobalti ni ya inchi. Hesabu yake ni ya raia. Tuiombe sasa, ingali na bei.